Mkutano mkuu wa kijiji ndani ya darasa la Uraia

Nafundisha Uraia kidato cha pili wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, Tanzania. Mwaka wangu wa kwanza niliuliza mkutano mkuu wa kijiji ni nini. Mikono ikapanda, majibu yakatoka kwa Kiingereza, neno kwa neno kama yalivyo kitabuni. Nikauliza tena: nani mzazi wake alikwenda kwenye mkutano pale chini ya mbuyu Jumamosi? Karibu wote. Hakuna aliyejua kwamba ni kitu kilekile.

Basi, mwalimu mwenzangu, anzia ofisi ya kijiji, kitabu kifuate. Tangulia mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji, msalimie, mweleze unachotaka. Wanafunzi arobaini wakimtokea ghafla atadhani wametumwa. Omba wanakili taarifa ya mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Ukikuta ubao mtupu, usimseme mtu mbele ya watoto. Waandike tu kwamba ni mtupu, na watauliza wenyewe baadaye.

Darasani eleza kwanza nani ana kauli. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kauli ya juu kijijini ni ya mkutano mkuu, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, huwajibika kwao.

Kisha igizeni mkutano wenyewe darasani, kwa hoja moja tu. Mimi hutumia hii: pampu ya kisima imekufa, kijiji kina shilingi 900,000, fundi anataka 1,400,000. Kila mwanafunzi apewe karatasi inayosema yeye ni nani: mjane mwenye mbuzi watatu, mfugaji wa ng'ombe sitini, mama lishe, kijana anayeuza maji kwa punda. Huyo wa punda usimsahau, maana pampu ikipona yeye anakosa wateja, na hapo ndipo mjadala unapochemka.

Uenyekiti usimpe kiranja. Niliwahi kumpa, darasa zima likaitikia ndiyo kwa kila alilosema, kipindi kikaisha bila hoja hata moja. Siku hizi nampa mtoto mpole, wenye sauti kubwa wanakuwa wananchi. Mwanafunzi mwingine awe mtendaji; huyo ndiye katibu, aandike muhtasari.

Wakinyamaza, vumilia. Usiwadakie. Mwaka jana kimya kilikuwa kirefu mpaka nikatamani kusema mimi, ndipo binti mwenye karatasi ya mjane akasimama: "Mwenyekiti, kabla hatujachangishwa, naomba tusomewe hela ya maji ya mwaka jana ilikwenda wapi." Mwenyekiti akamgeukia mtendaji. Mtendaji akaanza kupekua daftari, na nilifurahi kuliko siku ya matokeo ya mtihani.

Pigeni kura kwa mikono, muhtasari utiwe saini, utunzwe kabatini. Kipindi kijacho kifungueni kwa kuusoma, mkaulize yatokanayo.