Kabla ya Kwenda kwa Mkapa: Mambo ya Kuzingatia Siku ya Mechi Kubwa

Anayejiandaa kwenda kutazama mchezo wa Simba na Yanga katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, kwa kawaida huanza na jezi. Hilo halina ubaya, lakini uwanja huo huchukua watu wapatao 60,000, nao wote hupita kwenye milango ile ile, kwa hiyo maandalizi yenye uzito ni yale yanayohusu namna ya kuipita milango hiyo, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Mei 28, 2023, Yanga ilipoikaribisha USM Alger katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mtu mmoja alifariki na wengine wakajeruhiwa katika msongamano uliotokea kabla mpira haujaanza. Januari 24, 2022, watu wanane walikuwa wamepoteza maisha nje ya Uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, siku Cameroon ilipocheza na Komoro, na ilielezwa baadaye kwamba lango lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa.

Jambo la kwanza, basi, ni tiketi, nayo inunuliwe siku kadhaa kabla, katika vituo vilivyotangazwa, na kadi ya N-Card, ile ya kielektroniki ya kuingilia uwanjani, ihakikiwe ukiwa nyumbani badala ya kusubiri ikukatalie mbele ya mashine huku watu mia wakikusukuma mgongoni. Mlanguzi anayekuita pembeni ya uzio akidai anazo tiketi za mzunguko, yaani za majukwaa ya bei ya chini, zilizobaki hana atakachokurudishia zikigoma. Baada ya tiketi ni muda. Kwa mechi ya watani wa jadi, kufika muda wa saa tatu au nne kabla ya mchezo si kuwahi kupita kiasi, kwa sababu anayefika dakika 30 kabla ya filimbi hulikuta lango likiwa na wale wote waliochelewa kama yeye, na hapo ndipo hatari huzaliwa.

Muda wenyewe nao uthibitishwe asubuhi ya siku hiyo. Wengi hawajasahau Mei 8, 2021, ambapo mchezo wa watani uliopangwa kuanza saa 11 jioni ulisogezwa hadi saa 1 usiku siku ile ile, Yanga ikafika kwa ratiba ya awali na kuondoka, na mashabiki waliokuwa wamekwisha kuketi wakarudi makwao bila kuona mpira. Machi 8, 2025 mchezo wa watani uliahirishwa tena siku yenyewe ya kuchezwa, wakati watu wa mikoani walikuwa wamekwisha kuingia Dar es Salaam. Kwa hiyo anayetoka mbali aweke kando nauli ya kurudi na fedha ya kulala siku moja zaidi, na fedha hizo zisiguswe hata timu yake ikishinda.

Sehemu inayohitaji maelezo marefu ni msongamano wenyewe. Wengi hudhani watu hufa kwa kukanyagwa, kumbe mara nyingi hufa wakiwa wamesimama, kwa kubanwa kifua hadi mapafu yakakosa nafasi ya kutanuka. Watu wanapofikia watano au sita katika kila mita moja ya mraba, kundi huacha kuwa mkusanyiko wa watu wenye uamuzi wao na kuanza kwenda kama maji, likimbeba mtu asikotaka kwenda. Wa nyuma hawaoni kinachotokea mbele, hivyo huendelea kusukuma kwa nia njema kabisa. Dalili ya kuondoka ni pale unapoguswa na watu pande zote na kushindwa kuinua mkono kujikuna uso. Usisubiri zaidi ya hapo, rudi nyuma au jitoe pembeni ungali na uwezo. Ukishabanwa, kunja mikono mbele ya kifua kama bondia ili mapafu yapate nafasi, usipige kelele zisizo za lazima kwa kuwa pumzi ni mali, usipambane na wimbi linapokuja, na likitulia songa kimshazari kuelekea ukingoni, lakini mbali na ukuta au uzio. Simu ikianguka, iache. Ukianguka wewe na kushindwa kuinuka, lala kwa ubavu, jikunje na ukinge kichwa kwa mikono.

Kwa sababu hizo, sishauri mtoto mdogo apelekwe mzunguko siku ya watani. Mechi nyingine zipo, na viti huwa vitupu. Akipelekwa, awekewe mfukoni karatasi yenye namba ya simu ya mzazi, na wote wakubaliane mahali pa kukutana wakipoteana, pasipofanana na pengine, si “pale getini”. Mtandao wa simu huelemewa watu wanapokuwa wengi, kwa hiyo makubaliano ya mdomo yafanyike kabla. Simu ya bei ibaki nyumbani ikiwezekana, kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, chenye chaji kinatosha, nao vibaka hawakitamani sana. Vaa viatu vya kufunga, si ndala. Kunywa maji ya kutosha kabla ya kuingia, kwani chupa huweza kuzuiwa mlangoni. Mwenye pumu asiache pampu yake. Namba ya dharura ya polisi ni 112 na ya zimamoto ni 114.

Ukishaketi, tazama ni njia zipi mbili zilizo karibu nawe za kutokea, maana uliyoingilia inaweza kufungwa au kujaa. Filimbi ya mwisho ikilia, kaa. Barabara ya Mandela na ile ya Kilwa zitakuwa zimejaa kwa vyovyote, bodaboda atakuwa amepandisha bei, na anayekimbilia ngazi anapata dakika tano za kusimama kituoni. Subiri nusu saa majukwaa yapungue, kisha teremka taratibu ukishika reli.