Kucha kwanza, hina baadaye

Bibi harusi akishakaa mkekani, bakuli la hina naliweka kando. Naomba mikono, kisha miguu, dirishani penye mwanga. Hina ya kwenye ngozi hufifia baada ya wiki mbili tatu, lakini ya kwenye ukucha haitoki mpaka ukucha ukue ukatwe. Wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, wa mguu nusu yake. Ugonjwa ukifunikwa leo, hauonekani miezi.

Natazama kwanza gumba la mguu. Ukucha mnene, wa manjano, unaopukutika ukingoni, mara nyingi ni fangasi. Usihangaike na ndimu. Mwombe daktari akate kipande kipimwe, maana dawa yake hunywewa miezi.

Wanawake wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, pwani ya Unguja, huja na kucha zilizoachana na nyama, kwa kushinda majini wakifunga kamba. Nawaambia: ukitoka pwani osha kwa maji ya mfereji, kausha mpaka pembeni, paka mafuta ya nazi. Palipoachana pakate pafupi, na njiti ya kuchokolea tupa!

Kile kingozi cha kwenye shina la ukucha sikikati, hata bibi harusi akinung'unika. Pakichanika hapo ndipo mdudu wa kidole anapoingia. Pakivimba, chovya kwenye maji ya vuguvugu dakika 15, mara tatu nne kwa siku. Kukiwa na usaha, au una kisukari, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kucha za miguu zikate zinyooke, pembe usizizungushe, zisije zikaota ndani ya nyama.

Vidoa vyeupe aghalabu ni alama ya kugongwa, si upungufu wa kalsiamu. Kucha zilizopauka na kubonyea katikati kama kijiko ndizo za kupimiwa damu.

Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwetu watu weusi. Mstari mmoja mpya, unaopanuka au kutia weusi kwenye ngozi ya pembeni, unaweza kuwa saratani. Bob Marley ilimwanzia chini ya ukucha wa mguu, ikagunduliwa 1977, akafariki 1981. Mwenye mstari huo simtii hina mpaka aonwe hospitali, mawifi wanune wapendavyo.

Piko nalo, ile rangi nyeusi ya kuchorea, lisiguse palipochubuka. Lile la rangi ya nywele huweza kubabua. Na mjamzito aliyekaribia kujifungua namwachia kidole kimoja kitupu, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni kinaweza kutatizwa na hina iliyokoza.