Kabla ya kipimo cha jeni, fungua daftari la ukoo

Mjomba wangu, nduguye mama wa tumbo moja, aliumwa malaria ujanani akiishi Likoni. Akanywa dawa aliyopewa, homa ikashuka, lakini siku ya tatu mkojo ukatoka mweusi kama maji ya ukwaju na macho yakawa manjano. Akalazwa, akaongezwa damu. Wako waliosema karogwa, wako waliosema dawa ilikuwa bandia. Jina la dawa hiyo hakuna aliyeliandika.

Miaka mingi baadaye nikajifungua mtoto wa kiume, na siku ya pili akageuka manjano kupita kiasi. Muuguzi akaniuliza, "Mama, kwenu kuna mtu aliyewahi kuvunjika damu baada ya kunywa dawa?" Sikuwa na jibu. Mama yangu, aliyekuwa amekaa pembeni na chupa ya uji, ndiye aliyesema, "Kakangu."

Mtoto akapimwa, akakutwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu. Jeni yake, yaani maelekezo ya kurithi ya kukitengeneza, iko kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanamke anazo mbili na mwanamume moja, kwa hiyo mara nyingi mwanamke huibeba ile mbovu bila kuumwa na mwanawe wa kiume ndiye anayedhihirika nayo. Ilitoka kwa bibi ikampata mjomba, ikapita kwa mama na kwangu kimya kimya, ikamfikia mwanangu. Dawa kama primakwini ya malaria na dapsoni ya ukoma, ambazo wengine huzimeza bila shida, kwake zinaweza kuvunja damu, yaani kupasua seli hizo nyekundu.

Mimi nauza dawa Majengo, Mombasa. Siku hizi watu hunijia wakiuliza habari za kipimo cha DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo mwilini, wamesikia kwamba mtu anaweza kupewa dawa inayoafikiana na mwili wake. Ni kweli, na naifurahia elimu hii kwa moyo wote. Lakini kabla ya mate wala damu, namwambia mtu anunue daftari la shule.

Andika humo wazazi wako, ndugu zao, babu na bibi wa pande zote mbili. Nani aliugua nini, na akiwa na umri gani, maana saratani ya titi ya miaka 35 humfikirisha daktari tofauti na ya miaka 75. Nani alianguka ghafla akafa. Nani alizika watoto wachanga mmoja baada ya mwingine. Na nani alidhuriwa na dawa gani. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Usiwahoji wazee kama karani wa kortini. Kaa na shangazi yako baada ya alasiri, kahawa iko, mwache aseme kwa mpango wake. Boksi tupu la dawa lililobaki kabatini nalo lina thamani, usilitupe.

Baada ya hapo, jua unatafuta nini. Kuna kipimo cha jeni moja, kuna cha kundi la jeni zinazohusika na dawa, kuna cha kusoma DNA yote, na kuna cha asili ya ukoo ambacho si cha tiba hata kidogo. DNA ya binadamu ina herufi takriban bilioni 3. Wewe na jirani yako mnafanana kwa asilimia 99.9 hivi, lakini hicho kidogo kilichobaki ni herufi kwa mamilioni, na nyingi hazina madhara yoyote. Ukienda bila swali utarudi na karatasi ndefu isiyokusaidia. Swali zuri linasikika hivi: "Daktari, dawa hii ya moyo itanifaa?" au "Mimi na mchumba wangu tunabeba selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi?"

Kodeini, dawa ya maumivu na kikohozi, inaonyesha vizuri kwa nini swali la dawa lina uzito. Yenyewe ni dhaifu. Ini ndilo huigeuza kuwa mofini, dawa kali ya maumivu, kwa kutumia kimeng'enya kinachotoka kwenye jeni iitwayo CYP2D6. Wako ambao jeni hiyo haifanyi kazi, wakimeza hawapati nafuu. Wako wenye nakala za ziada, na kwao mofini hujaa haraka hadi pumzi inalegea. Watoto wamekufa hivyo, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema kodeini isipewe kabisa mtoto wa chini ya miaka 12. Hao wa kugeuza haraka huonekana zaidi kwa Wahabeshi na baadhi ya Waarabu kuliko kwa Wazungu, na Mombasa damu hizo zimo majumbani mwetu. Mama akija dukani kuniomba dawa ya kikohozi yenye kodeini kwa ajili ya mtoto, simpi, hata akikasirika.

Lakini tusikimbilie kukisia kwa kabila. Machi 2023 ulichapishwa utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani huku kwetu pwani, kati ya mwaka 1250 na 1800, Mtwapa ikiwa mojawapo ya miji walikozikwa. Katika wengi wa watu wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Uajemi kwa upande wa baba. Ukoo unaojiita hivi au vile una mchanganyiko usioonekana usoni. Na hata Waafrika wenyewe kwa wenyewe tunatofautiana sana: aina ya jeni inayoweza kumfanya mtu apate mzio mkali wa abakaviri, dawa ya virusi vya UKIMWI, imekutwa kwa wingi zaidi kwa Wamasai kuliko Waluhya. Jina la kabila halitoshi, apimwe mtu mwenyewe.

Jambo linaloniuma ni kwamba vitabu ambavyo vipimo hivi husomewa vimejengwa zaidi kwa miili ya Ulaya. Mwaka 2020 watafiti waliosoma DNA ya Waafrika 426 kutoka makundi 50 ya lugha walikuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Kwa hiyo majibu yakisema "hakuna kilichoonekana", uliza kipimo kilitafuta zipi. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni mfano: kuna aina za jeni zinazopunguza kiwango anachohitaji mtu ambazo Waafrika wanazo na Wazungu karibu hawana, na kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya Wazungu kinaweza kuzipita tu. Majibu ya aina hiyo yasikufanye uache au upunguze dawa yako mwenyewe. Rudi kwa aliyekuandikia.

Kwa wanaojiandaa kuoa na kuolewa, pimeni selimundu kabla ya mahari kupelekwa, si baada ya kadi kuchapwa. Pwani yetu ni ya malaria, na Anthony Allison, daktari mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye jeni moja ya selimundu hukingika zaidi na malaria. Ndiyo maana jeni hiyo ni nyingi kwetu. Mkiwa nyote wawili mnaibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua. Kila mimba, peke yake. Nimewahi kumsikia baba akisema, "Wa kwanza alitoka mgonjwa, basi watatu wanaofuata ni wazima." Sivyo. Wa pili anaanza upya na nafasi ile ile. Zungumzeni pia mapema nani ataambiwa majibu, kwa sababu kipimo cha familia nzima huweza kufichua hata mtoto asiye wa baba anayemlea, na neno hilo likishatoka halirudi.

Siku yenyewe ya kupima, kama ni mate, usile, usinywe, usitafune tambuu wala mugukaa nusu saa kabla. Kama umeongezwa damu karibuni, mwambie mpimaji: kipimo cha damu cha selimundu kitasoma damu ya aliyekuchangia, na kwa kawaida husubiriwa miezi kama mitatu. G6PD vilevile, ukipimwa mara tu baada ya damu kuvunjika huweza kuonekana uko sawa, kwa kuwa seli changa zina kimeng'enya kingi. Mwanangu ilibidi arudiwe.

Uliza bei pamoja na ya kufafanuliwa majibu. Uliza sampuli inapelekwa wapi na itatunzwa na nani. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inaihesabu taarifa ya jeni kuwa nyeti, lakini mate yakishavuka bahari mambo ni mengine: 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima DNA kwa mate, ilidukuliwa mwaka 2023, taarifa za watu karibu milioni 7 zikachukuliwa, na Machi 2025 ikaomba kinga ya mufilisi. Kisha omba nakala yako ya karatasi, yenye jina la maabara na orodha ya kilichotafutwa. Ya mwanangu nimeibana daftarini, ukurasa ule ule wa mjomba.