Umeibiwa nyumbani? Hatua za kufungua kesi polisi isije ikafia njiani

Waliingia kwetu usiku wa manane, tumelala. Walikata nondo za dirisha la jikoni, wakabeba televisheni, simu mbili na cherehani ya dada yangu, ile inayomlisha yeye na wanawe watatu. Wiki ya tatu cherehani ikapatikana. Tuliiona kwa macho yetu imewekwa juu ya meza kituoni, na bado tukaipoteza. Naandika haya ili mwenye kesi kama yetu hapa Tanzania asipite tulikopita.

Kabla askari hawajafika

Usifagie. Mama aliamka alfajiri, akaona vioo sakafuni na nyayo za matope, akajua majirani watakuja kutupa pole. Akafagia, akadeki, akachukua kitambaa chenye sabuni akafuta kingo ya dirisha, pale pale mwizi aliposhika wakati wa kuruka. Saa tano askari alifika na unga wake wa kuchukulia alama za vidole. Aliinama akamulika ile kingo kwa tochi, akasimama, akafunga mkoba. Hakukuwa na kitu cha kuchukua.

Kwa hiyo toeni watu kwenye chumba hicho, fungeni mlango, pitieni mlango mwingine. Piga 112 au nenda kituo cha karibu. Wakati mnasubiri, piga picha: kwanza chumba kizima, kisha kitu kimoja kimoja kwa karibu. Kwenye unyayo weka kiberiti au rula pembeni ili ukubwa uonekane. Mvua ikitishia, funika unyayo kwa beseni. Kama mwizi ameacha nguo, kisu au panga, mwache askari aokote mwenyewe. Nguo yenye damu isitiwe kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu unaiozesha na vipimo vya vinasaba (DNA) kwa Mkemia Mkuu wa Serikali vinaharibika. Ikibidi kuihamisha, iachwe ikauke kivulini, kisha itiwe kwenye bahasha ya kaki.

Mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa aone hali ilivyo. Atafaa baadaye kama shahidi asiye ndugu.

Kaunta

Hapa utapewa RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na kama kuna aliyeumizwa utapewa PF3 ya kwenda nayo hospitali. Majeruhi akiwa katika hali mbaya, hospitali kwanza, mtu mwingine afuatilie fomu.

Jambo moja watu wengi wanakosea. Wakiibiwa simu wanataka laini irudi haraka, basi wanajaza taarifa ya upotevu mtandaoni. Ile ni ya mali iliyopotea. Ukishaandika kwamba simu imepotea, halafu mwezi ujao ukasimama mahakamani useme iliibiwa, wakili wa upande wa pili ataitoa karatasi yako mwenyewe akuulize lipi ni la kweli. Kama umeibiwa, sema umeibiwa tangu siku ya kwanza.

RB inaonyesha tu kwamba umetoa taarifa. Ulizia kama jalada, yaani faili la kesi yako, limefunguliwa, na uandike namba ya jalada, jina la mpelelezi na simu yake. Sisi tulikaa siku tisa na RB mfukoni tukidhani upelelezi unaendelea, kumbe jalada halikuwa na mpelelezi.

Maelezo yako: hapa ndipo kesi inaposimama au kuanguka

Dada aliandikiwa maelezo jioni, amechoka, hajala. Askari aliuliza, "Cherehani ya namna gani?" Akajibu, "Nyeusi, ya kukanyaga." Ikaandikwa hivyo, cherehani moja nyeusi ya kukanyaga, akatia sahihi bila kusoma.

Wakati huo huo dada anaijua ile mashine kama anavyojua vidole vyake. Droo ya kushoto haina kitasa, ameifunga kwa kipande cha khanga ya kijani. Chini ya ubao kuna alama ya pasi iliyounguza mbao, umbo la ncha, mwanawe aliiweka pale akiwa mdogo. Namba imegongwa kwenye chuma. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa.

Aliyekutwa nayo alisema aliinunua mnadani miaka miwili iliyopita. Dada alipoitwa kuitambua, ndipo akaanza kutaja khanga na alama ya pasi, mashine ikiwa mbele yake. Yeyote anaweza kutaja anachokiona. Mahakama zetu hutaka mwenye mali aeleze alama za pekee kabla hajaonyeshwa kitu, na sisi hatukuwa na mahali popote tulipozieleza kabla. Mshtakiwa akaachiwa, cherehani ikarudi kwake.

Baadaye ndugu anayesomea sheria alituonyesha rufaa ya jinai namba 94 ya mwaka 2007. Mahakama ya Rufani ilipanga mambo manne ya kuthibitisha kabla mtu hajatiwa hatiani kwa kukutwa na mali iliyoibwa karibuni: kwamba mali ilikutwa kwake, kwamba imetambuliwa bila shaka kuwa ya mlalamikaji, kwamba iliibwa karibuni, na kwamba ndiyo hiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. La pili ndilo lililotuangusha.

Basi kabla hujaenda kutoa maelezo, kaa nyumbani uandike orodha kwenye karatasi. Kila kitu na alama yake: namba, mkwaruzo, stika, mahali kilipochomelewa, picha ya zamani, risiti kama ipo. Kwa simu, tafuta namba ya IMEI yenye tarakimu 15 kwenye boksi lake. Simu ambazo bado mnazo, bonyezeni *#06# leo mziandike mahali.

Kama ulimwona mtu na unamfahamu, mtaje hapo hapo, kwa askari wa kwanza na kwa jirani wa kwanza, na hakikisha jina limeandikwa. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema ni kipimo kikubwa cha ukweli wa shahidi, na kwamba kuchelewa bila sababu kunatia shaka. Eleza pia ulimwonaje: taa ilikuwa ya namna gani, alisimama hatua ngapi kutoka kwako, ulimtazama kwa muda gani. Mahakama zinauliza maswali hayo tangu mwaka 1980. "Nilimtambua kwa sababu kulikuwa na mwanga" haitoshi.

Kisha omba usomewe. Sema, "Afande, naomba nisomee yote kabla sijaweka sahihi." Pakiwa na kosa lisahihishwe. Ni haki yako, na askari mzuri mwenyewe atakuambia usome.

Mali ikipatikana

Polisi wakipekua, vitu vilivyochukuliwa viandikwe, hati isainiwe na mwenye nyumba pamoja na shahidi. Kuanzia hapo kila anayekishika kielelezo, yaani kitu cha ushahidi, ajulikane: nani alikitoa eneo la tukio, nani alikipokea, kilitunzwa wapi. Rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007 ndiyo inayotajwa sana kuhusu mlolongo huo wa karatasi. Usiombe kurudishiwa kitu "ukitumie kidogo" kesi ikiendelea bila utaratibu wa maandishi, kwa sababu mlolongo utakatika mikononi mwako.

Wakimkamata mtu wako

Kwetu walimchukua pia mdogo wa shemeji, kijana aliyekuwa analala sebuleni, kwa kuwa hakusikia kitu usiku ule. Alilala mahabusu siku mbili. Mtu mmoja nje ya geti alituambia dhamana ni laki mbili, tukachanga tukampa. Hakuna risiti, na yule mtu hatukumwona tena.

Dhamana ya polisi haina ada. Mdhamini anasaini hati ya kuahidi kwamba mtuhumiwa ataripoti, na pesa inayoandikwa humo inadaiwa pale tu mtuhumiwa akitoroka. Nenda na kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa yenye picha na muhuri. Barua hiyo ichukuliwe asubuhi ya Jumatatu hadi Ijumaa. Sisi tulikwenda Jumamosi, ofisi imefungwa, na ndiyo iliyomwongezea kijana usiku wa pili.

Anayekamatwa ana haki ya kuambiwa kosa lake. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na ya kuonywa kwamba halazimiki kusema lolote. Muda wa msingi wa mahojiano ni saa 4 tangu awe chini ya ulinzi, na kuuongeza kuna utaratibu wake wa kisheria. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Ikiwa haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa kulichunguza shauri na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa lionekane ni zito. Makosa kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana.

Ukikwama kaunta, omba kumwona mkuu wa kituo. Mweleze kwa heshima, taja siku na saa mtu wako alipokamatwa. Sisi tulipofika kwake hatimaye, alifungua kitabu, akaangalia saa iliyoandikwa, akamwita mpelelezi. Kijana alitoka kabla ya adhuhuri, viatu mkononi, na cha kwanza alichouliza ni kama cherehani imepatikana.