Jinsi ya kusoma Doktor Faustus ukiwa na kinanda pembeni

Thomas Mann, mwandishi wa Kijerumani wa riwaya Doktor Faustus, aliihama Ujerumani mwaka 1933. Riwaya hii, iliyotoka 1947, aliiandika Los Angeles, mji aliokuwa akiishi pia mkimbizi mwenzake, mtunzi wa muziki Arnold Schoenberg. Mhusika mkuu, mtunzi Adrian Leverkühn, anatumia mbinu ya noti 12 (noti zote 12 hupangwa kwenye mfululizo mmoja, na muziki hutungwa kutokana nao), ambayo kwa kweli ni ya Schoenberg. Imeelezwa sura ya 22. Usiisome kwa macho tu, shika penseli.

Anza na majina ya noti, maana hapa ndipo wengi hupotea. Kwa Kijerumani H ni B ya kawaida, B ni B flati (nusu hatua chini ya B), na Es ni E flati.

Sasa piga h-e-a-e-es: B, E, A, E, E flati. Herufi hizo zinatoka kwenye Hetaera esmeralda, jina la kipepeo ambalo Leverkühn anampa mwanamke aliyemwambukiza kaswende. Zihesabu. Ziko tano, ila E imetokea mara mbili. Kwa hiyo huo si mfululizo wa noti 12, kwani ndani ya mfululizo kila noti hutokea mara moja tu. Ukijaribu kuurefusha ufike 12 utagonga mwamba. Uchukue kama kiini cha wimbo, basi.

Mfululizo halisi utaupata kwenye Suite (seti ya vipande) ya piano ya Schoenberg, opus 25, yaani kazi yake namba 25: E, F, G, D flati, G flati, E flati, A flati, D, B, C, A, B flati. Ugeuze namba kwa kuhesabu nusu hatua, C ikiwa 0 na B ikiwa 11:

4 5 7 1 6 3 8 2 11 0 9 10

Kuupindua juu chini, yaani kila kupanda kuwe kushuka, toa kila namba kwenye 8 (mara mbili ya 4, ili noti ya kwanza ibaki ileile). Jibu likiwa hasi, ongeza 12:

4 3 1 7 2 5 0 6 9 8 11 10

Kisha soma ule wa kwanza kinyumenyume. Noti nne za mwanzo ni B flati, A, C, B; yaani, kwa Kijerumani, B-A-C-H. Jina la mtunzi Bach limefichwa ndani ya noti, mchezo uleule wa Leverkühn!

Schoenberg hakufurahishwa na riwaya hiyo. Alilalamika, na Mann akaongeza maelezo mwishoni mwa kitabu kwamba mbinu ni mali ya Schoenberg. Kwenye toleo la kwanza la 1947 usiyatafute, hayamo.