Somo: Kumlea mwanafunzi mmoja mpaka naye apate wake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kwa miaka kadhaa nilifundisha darasa la waongofu wapya kanisani kwetu. Wiki kumi na mbili, daftari, mtihani, cheti chenye mhuri. Siku ya vyeti akina mama walipiga vigelegele, tukala pilau, na sikujua hata mmoja wa wale wanafunzi anakaa mtaa gani. Mwaka uliofuata wengi wao hawakuonekana hata Jumapili. Mathayo 28:20 inasema tuwafundishe kuyashika yote aliyoamuru Bwana. Mimi nilikuwa nawafundisha kuyakariri. Siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Tafuta mtu mmoja

Mmoja. Wakizidi, wawili. Usimkimbilie mwenye sauti nzuri wala anayejua mistari. Mwangalie yule anayekuja hata mvua ikinyesha. Katika 2 Timotheo 2:2 Timotheo anaambiwa awakabidhi mafundisho watu waaminifu, nao wafundishe wengine. Hesabu: Paulo, Timotheo, waaminifu, wengine. Vizazi vinne katika mstari mmoja. Mwanaume amlee mwanaume, mwanamke amlee mwanamke. Sababu mnaijua.

Hatua ya 2: Mkaribishe nyumbani

Marko 3:14 inasema Bwana aliwaweka wale kumi na wawili wawe pamoja naye, ndipo awatume. Basi mwanafunzi wako akuone unavyosema na mkeo ugali ukiungua, na umeme wa LUKU ukikata wakati mfukoni hamna kitu. Wangu alinikuta namfokea mwanangu. Ikabidi nimwombe mtoto radhi mgeni akiwa amekaa kwenye kochi.

Hatua ya 3: Someni kitabu kimoja

Luka, sura moja kwa wiki. Maswali matatu tu: Sura inasema nini? Nitafanya nini wiki hii? Nitamwambia nani? Jibu la pili liandikwe, na wiki ijayo mlianze hilo kabla ya kufungua sura mpya. Hapa wengine hununa.

Hatua ya 4: Kutengeneza

Kutengeneza ni kumrudia uliyemkosea, kukiri na kurudisha ulichochukua. Hatua hii wengi tunairuka. Wazee wetu wa uamsho wa Afrika Mashariki hawakuiruka. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Uganda, na daktari mmisionari Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Neno na kuomba pamoja. Moto ule ulishika Gahini, Rwanda, alikofanya kazi daktari huyo, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu walitubu hadharani, lakini pia walirudisha vitu: vya wizi, vya kazini, madeni yaliyosahauliwa. Jirani asiyejua Biblia alijua kwamba fulani ameokoka kwa sababu jembe lake limerudi.

Kijana niliyemlea ni bodaboda. Tulipofika kwa Zakayo, Luka 19, yule mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha alichodhulumu, kijana alinyamaza, akawa anakwangua kioo cha simu yake kilichopasuka. Kisha akasema, "Mwalimu, kuna siku nne nilimwambia tajiri pikipiki iko kwa fundi. Ilikuwa barabarani." Hesabu ya kumpelekea tajiri, yaani mwenye pikipiki, ilikuwa elfu kumi kwa siku, kwa hiyo elfu arobaini. Alikusanya kwa wiki tatu. Nilimsindikiza mpaka getini. Tajiri alizihesabu noti, akazitia mfukoni, akanyoosha mkono: "Na funguo." Kijana alibeba magunia sokoni miezi miwili.

Sikuwa nimemwonya kwamba hilo linaweza kutokea. Lilikuwa kosa langu. Kabla ya kumpeleka mtu kutengeneza, kaeni mpige hesabu ya gharama pamoja, na uwe tayari kubeba sehemu. Ile miezi miwili unga wa kwao ulitoka kwetu.

Hatua ya 5: Mwache apate wake

Ukifika mwezi wa sita, muulize jibu la swali la tatu ni nani. Akimpata, asimlete kwako. Akae naye yeye, kwa Luka ileile.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Kigoma: Shalom mwalimu. Nina binti ninayemlea, mwaka mzima sioni tunda. Nimwache?

Jibu: Shalom mama. Soma Luka 13:6-9. Mwenye shamba alitaka mtini ukatwe. Mtunzaji akaomba mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutilia samadi. Jiulize kama umepalilia, au umekuwa ukienda kukagua tu. Halafu tunda la kwanza mara nyingi ni dogo: ameacha kudanganya kwenye simu, amemsalimia wifi yake.

Ndugu wa Nakuru: Na kama kutengeneza kunaweza kumpeleka mtu jela?

Jibu: Usimsukume, ndugu yangu, na usimtangaze. Akae na mchungaji, na ikibidi mwanasheria, kabla ya kwenda popote. Kama kuna mtu aliyeumizwa au mtoto yuko hatarini, hapo usalama wake unatangulia siri yenu.

Dada wa Muscat: Nafanya kazi za ndani, Ijumaa tu ndiyo napumzika, na si kila wiki.

Jibu: Pole na kazi, dada. Soma sura, tuma sauti ya dakika mbili kwa mwenzako, naye akutumie yake. Mkipata Ijumaa, kuleni pamoja.

Mzee wa Bukoba: Mchungaji wetu anasema hivi ni vikundi vya kuvunja kanisa.

Jibu: Shikamoo mzee. Hofu hiyo ni ya zamani. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia Mukono, Uganda, kwa ajili ya uamsho. William Nagenda alikuwa mmoja wao. Hakuwahi kuwekewa mikono kuwa mchungaji, lakini alibaki Mwanglikana na akahubiri nchi nyingi. Nenda kwa mchungaji na huyo unayemlea, mwambie mnasoma nini, siku gani, nyumba ya nani. Mkaribisheni.

Kijana wa Mbagala: Yule bodaboda yuko wapi sasa?

Jibu: Anaendesha ya mtu mwingine. Jumanne jioni simpigii simu, ana kijana wake anakaa naye. Nasikia wako sura ya tano.