Ukishakula hela ya kikundi: kuungama, kurudisha na kurudi kukaa na watu

Maelekezo haya ni ya Mkristo aliyechukua fedha za watu, awe mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa pale Uyole, mtunza sadaka wa mtaa huko Makete, au mjumbe wa kamati ya ujenzi wa kanisa Mafinga. Ni pia ya mzee wa kanisa atakayebishiwa hodi jioni na mtu huyo.

Mambo mawili yatakuwa yanamtesa, na hayaponi kwa dawa moja. Hatia inahusu alichofanya: ina kiasi, ina tarehe, ina mwenye mali. Aibu inahusu uso wake mbele ya watu. Hatia huisha kwa kusema ukweli na kurudisha. Aibu haiishi kwa kulipa. Huisha pale mtu anapopokelewa na watu wanaojua alichofanya. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza deni lote na bado akapita njia ya nyuma ya soko ili asionane na wenzake. Mwingine anaombewa na kukumbatiwa, deni halijaguswa, na usiku halali.

Kwanza hakikisha kosa lipo. Kuna watu wamebeba aibu isiyo na hatia yoyote: binti aliyebakwa, wanandoa wasio na mtoto, mjane anayesemwa kuwa ndiye aliyemmaliza mumewe, mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI. Hao hawana cha kuungama juu ya hayo, na mzee anayewaongoza sala ya toba anawaumiza mara ya pili. Wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Yesu aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Kwa watu wa namna hiyo, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya kupokelewa.

Kosa likiwepo, andika kabla ya kusema. Chukua daftari, kaa peke yako, na kwa kila mara uliyochukua andika tarehe, kiasi, ilikotoka, na nani aliumia. Usiandike jumla tu. "Kama laki mbili hivi" ni maneno ya mtu ambaye bado anajificha. Tuseme ulichukua 80,000 mwezi Oktoba, 60,000 Novemba na 40,000 Januari, kabla hela haijaingia kwenye sanduku la kufuli tatu. Jumla ni 180,000. Sasa uliza swali gumu zaidi: hela hiyo ilipokosekana, nani alirudi nyumbani mikono mitupu? Novemba ndiyo watu wanatafuta mbolea ya kupandia. Mama aliyeomba mkopo wa mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 akaambiwa sanduku halina kitu, akapanda mahindi bila mbolea, alipoteza zaidi ya bei ya mfuko ule. Alipoteza magunia ya Julai. Hasara hiyo haimo kwenye daftari la kikundi, lakini lazima iwemo kwenye lako.

Halafu piga hesabu ya kurudisha. Hesabu 5:7 inaagiza mkosaji aungame, arudishe kitu chote, na aongeze sehemu ya tano. Kwa 180,000 sehemu ya tano ni 36,000, hivyo unadaiwa 216,000. Zakayo, yule mtoza ushuru aliyempokea Yesu nyumbani kwake, aliahidi kurudisha mara nne. Hicho ndicho kipimo cha Kutoka 22:1 kwa mwizi wa kondoo, maana yake alijihukumu mwenyewe kama mwizi, bila kusubiri kuitwa hivyo. Ukiweza kufika huko, Bwana akubariki. Ila usiahidi mara nne mbele ya watu huku unalia. Ahadi ya machozi ya Machi ndiyo inayomkimbiza mtu kijijini Agosti, na aibu ya pili huwa nzito kuliko ya kwanza. Sehemu ya tano inayolipika ni bora.

Panga malipo kwa misimu unayopata hela. Makosa mengi hutokea hapa, kwa sababu vikundi hupenda kudai kila mwezi wakati mkulima wa nyanda za juu hana mshahara. Ukiuza viazi mviringo mara mbili kwa mwaka na mahindi mara moja, andika hivyo: 70,000 kila ukiuza viazi, na 76,000 ukiuza mahindi. Taja mwezi kwa kila fungu. Usiuze shamba la familia wala mbuzi wa ada ya shule bila mwenzi wako kujua. Utakuwa umelipa kwa hela ya mtu mwingine tena. Kwa hiyo mwenzi wako ndiye mtu wa kwanza kuambiwa, kabla ya mwenyekiti.

Mbele za Mungu, usizunguke. Soma Zaburi ya 51 kwa sauti, polepole, kisha taja yale matatu uliyoandika, kwa tarehe zake. Mkatoliki aende kitubio. Padre amefungwa na siri ya ungamo, hivyo usitegemee akufikishie ujumbe kwa kikundi. Na kuondolewa dhambi hakufuti wajibu wa kurudisha mali. Mlutheri au Mmoravian anaweza kuomba kuungama faraghani kwa mchungaji, mbali na maungamo ya pamoja ya Jumapili. Ukishaambiwa umesamehewa, amini. Kurudia kuungama dhambi ileile kila wiki mara nyingi si unyenyekevu; ni aibu inayotafuta mahali pa kukaa.

Kisha nenda kwa watu. Mathayo 5:24 inasema uiache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Anza na mwenyekiti, nyumbani kwake, saa kumi na moja jioni watu wakishatoka shamba. Msalimie kama kawaida, kaa unapoonyeshwa, na usiende na kuku. Kuku wa radhi akitangulia humfunga mwenyeji mdomo. Maneno yawe machache: "Mwenyekiti, nimechukua shilingi laki moja na themanini elfu za kikundi. Nilichukua mara tatu, tarehe ni hizi. Hakuna aliyenisaidia. Nitarudisha laki mbili na kumi na sita elfu, na hivi ndivyo nilivyopanga. Naomba mnisamehe. Sikuombi unijibu leo." Mpe karatasi. Nyamaza.

Maneno mawili huharibu kazi yote. La kwanza ni "kama": "kama kuna niliyemkwaza, anisamehe." Anayesikia anajua hujakiri kitu. La pili ni "shetani alinipitia," kwa sababu shetani hana sahihi kwenye daftari la kikundi. Kulia si dhambi, ila ukilia mpaka uliowaibia wakaanza kukubembeleza, umewanyang'anya na nafasi ya kuumia. Na usimpeleke mchungaji akusemee. Aje, akae pembeni, lakini kinywa kiwe chako.

Wapo wanaorudisha hela kwa siri, wanatuma kwa simu kwa namba isiyojulikana au wanaiacha kwenye kapu la sadaka. Deni linapungua, lakini tuhuma inabaki imemkalia mtu mwingine. Kama mshika ufunguo mwenzako alisemwa, jina lake lisafishwe palepale lilipochafuliwa: likiwa lilisemwa kwenye mkutano wa kikundi, simama kwenye mkutano wa kikundi useme, "Huyu hakuhusika. Ni mimi." Jambo hili huwauma watu kuliko kulipa, na ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Sasa kwako mzee wa kanisa. Utafuatwa, na saa moja ile ya kwanza ina uzito sana. Msikilize mahali pasipo na masikio ya watoto wala wapita njia, usihubiri, usimkatize, na usiape kutunza siri ya kila kitu kabla hujasikia. Aliyempiga mwenzake hadi kumjeruhi, aliyebaka, aliyemwingilia mtoto, hapatanishwi barazani wala kwa ng'ombe wa ukoo. Hilo ni la Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na simu ya kusaidia watoto ni 116. Rehema kwa mkosaji haijengwi kwa kumnyamazisha aliyeumizwa. Hata kwa fedha, kikundi kina haki ya kwenda kwenye sheria, na mwambie hivyo kabla hajaenda kwa mwenyekiti.

Kuwa macho na mtu anayezungumza kama aliyekwisha kufa. Yuda alikiri kosa kwa maneno yaliyonyooka, akarudisha vipande 30 vya fedha vyote, bila kupunguza hata kimoja. Wakuu wa makuhani wakamjibu kwamba hilo haliwahusu, aliangalie mwenyewe. Akatoka, akajinyonga. Alirudisha kila kitu na hakupata mtu wa kumpokea. Mtu akikuambia ni heri asiwepo, usimwache alale peke yake usiku ule. Mjulishe ndugu mmoja anayemwamini, na asubuhi mfikishe kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Maombi na daktari havigombani.

Mtazame pia Petro. Alimkana Bwana akiota moto wa makaa kwa sababu ya baridi, na mtu wa Njombe mwezi Julai hahitaji kuelezwa moto ule. Yohana 21 inaonyesha moto wa makaa tena, ufukweni, na juu yake samaki, na mkate. Yesu hakuanza kwa kumhoji Petro juu ya kukana kwake. Alisema, "Njoni mfungue kinywa." Walipokwisha kula ndipo akamwuliza, mara tatu, kila swali kwa kila kukana. Fuata mpangilio huo. Weka chai na viazi mezani kwanza, kisha uliza yote, bila kuruka hata moja.

Siri isitoke kwa mlango wa maombi. "Tumwombee ndugu yetu fulani, ana jambo zito" ndiyo njia inayosambaza habari haraka kuliko kipaza sauti cha kijiji. Toba iwe na upana wa kosa: wakikosewa wanakikundi, waambiwe kwenye kikundi, si usharika mzima. Kama utaratibu wa kanisa lenu unamweka chini ya nidhamu, mpeni tarehe ya mwisho siku ileile. Paulo aliwahimiza Wakorintho wamsamehe na kumfariji mtu wao, asije akamezwa na huzuni ipitayo kiasi. Adhabu isiyo na mwisho humeza.

Na msichanganye kiti na ufunguo. Arudishiwe kiti chake upesi: kwaya, jumuiya, msiba, sherehe. Ufunguo wa sanduku asirudishiwe, pengine kamwe, na mwambieni wazi kwamba ni kwa ajili ya kumlinda yeye pia. Kila fungu akilipa, watu wawili watie sahihi mbele yake. Fungu la mwisho likiingia, andikeni "imelipwa" na tarehe, mpeni nakala yake, na karatasi ile ya makosa aichome jikoni yeye mwenyewe. Desemba mkivunja kikundi kugawana hisa, someni jina lake kwa mpangilio uleule wa daftari, si mwisho baada ya wote.